Jamvi, meza au kila mtu ajipakulie? Chakula cha usiku uani msimu wa kaskazi

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka Machi, sebule nyingi za Dar es Salaam hazikaliki jioni. Mchana joto linagonga nyuzi 32, kuta za matofali ya saruji zinalinyonya kutwa nzima, na usiku ndio zinaanza kulirudisha ndani. Nje kuna upepo. Huu ndio msimu wa kualikana: embe zimejaa sokoni, ndugu walioko mikoani na ng'ambo wamerudi kwa sikukuu, na ua wenye upepo una maana kuliko sofa za ngozi.

Kupika hakuwasumbui wengi. Kinachowasumbua ni namna ya kuwakalisha watu. Utandike mkeka na masinia? Upange meza yenye maua na mishumaa kama zile za kwenye Instagram? Au uweke hotipoti kwenye kona moja, kila mtu ajipakulie? Nazilinganisha hizo tatu kwa shughuli ndogo ya nyumbani, watu 8 mpaka 14, bila mpishi wa kukodi wala turubai. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: mwenyeji ataketi saa ngapi? Kama mwenye nyumba anamaliza usiku akila ukoko jikoni, amesimama, wageni wamekwisha kunawa, basi watu walihudumiwa vizuri lakini hawakualikwa na mtu.

Saa ni ile ile kwa namna zote tatu. Msimu huu jua Dar linazama kati ya saa 12:30 na 12:50 jioni. Wageni waje baada ya Magharibi, wapewe cha kunywa na kitu kidogo cha kutafuna, bajia au kashata, kisha mle baada ya Isha, saa 2 na robo hivi. Hapo ardhi imeanza kupoa na wanaoswali wameshaswali bila kuinuka katikati ya tonge.

Jamvi na sinia

Naipenda hii kuliko zote, nalisema mapema ili unaposoma ujue naegemea wapi.

Sinia pana la sentimita 60 hivi linalisha watu wanne kwa raha, watano wakisogeleana. Kwa wageni 12 unahitaji masinia matatu, na kila sinia liwe na bakuli yake ya kachumbari, kibakuli cha mchuzi, sahani ya ndizi mbivu na pilipili ya ndimu pembeni. Vyombo vinavyobaki ni bilauri tu. Mchele kilo moja na nusu unawatosha 12. Kama kati yao kuna vijana wa sekondari, fanya kilo mbili na usijadiliane na mtu.

Chakula chenyewe kiwe kimoja kikubwa, pilau au biriani. Hapa ndipo jamvi linapomwokoa mwenyeji. Pilau ukishaipalia, makaa juu ya mfuniko na makaa machache chini, haitaki mkono wako tena. Nusu saa ile ya mwisho unaoga, unavaa, unapokea watu mlangoni kwa mikono mikavu. Ikiiva unapakua mara moja, masinia matatu yanatoka pamoja, na wewe unaketi pamoja na wa kwanza kunawa. Hakuna kozi ya pili ya kukimbilia wala sahani ya kubadilisha. Yule anayetaka mchuzi zaidi, bakuli iko mbele ya goti lake.

Watu hudhani chini hakuna cha kupamba. Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi tayari umeshakufanyia nusu ya kazi, usiufunike. Tandika juu yake kitambaa chembamba pale tu sinia litakapokaa, mito iegemee ukutani, na maua yawe pembezoni, si katikati ambako mikono inapita. Asumini zichumwe au zinunuliwe alasiri zikiwa bado zimefumba. Zinachanua jua likishazama, kwa hiyo harufu inaanza kupanda wakati ule ule wageni wanapovua viatu. Ziweke kwenye visosa vyenye maji kidogo, pamoja na vijiti viwili vya mrehani. Ukipata vilua ni bahati, wachache wanavyo uani siku hizi. Udi fukiza mapema, wageni wakiingia, halafu chetezo kiondoke kabla ya chakula kutoka. Udi na iliki ya pilau vikikutana puani vinagombana.

Pambo kubwa la jamvi ni kawa, na nashangaa linavyosahaulika siku hizi. Sinia linakuja limefunikwa kawa la rangi, linawekwa katikati, na mpaka kila mtu awe amenawa hakuna anayeona kilichomo. Kisha makawa yanafunuliwa yote kwa pamoja: mvuke unapanda, mdalasini na bizari ya pilau vinatangulia, na mazungumzo yanakatika yenyewe. Kawa lina faida nyingine ya kijikoni. Ukindu unapumua, kwa hiyo wali haulowi jasho kama ukifunikwa kwa plastiki, na nzi hawafiki.

Kunawa nako ni sehemu ya mapambo, ukiamua. Birika yenye maji ya uvuguvugu yaliyotiwa kipande cha ndimu, beseni safi, taulo begani mwa mtoto wa nyumba. Anaanzia kwa mkubwa.

"Shikamoo bibi, karibu unawe."

"Marahaba mjukuu wangu. Anza na babu yako, huyo ndiye mwenye njaa."

Kwa utani wa namna hiyo, wageni wasiofahamiana wameshacheka pamoja kabla ya tonge la kwanza. Bomba la kunawia kwenye kona ya ua linafanya kazi ile ile kwa haraka, lakini linawapanga watu mstari, nao mstari unakumbusha msibani au zahanati.

Sasa kasoro zake, maana zipo na si ndogo. Ya kwanza ni magoti. Mzee aliyezoea kiti akikaa chini nusu saa, kuinuka kwake kunakuwa shughuli mbele za watu, naye hapendi. Mjamzito wa miezi minane vivyo hivyo. Mwanamke aliyetoka kazini na sketi ya kubana atakaa upande usiku kucha, akijivuta nguo badala ya kula; kama utandikaji ni wa chini, waambie watu siku mbili kabla ili wavae dera au suruali pana. Ya pili ni wanaokula kwa mpango. Mwenye kisukari anayepima wali wake kwa kikombe hawezi kupima kwenye sinia la watu wanne, kwa hiyo mpe sahani yake bila maelezo. Asiyezoea mkono naye awekewe kijiko pembeni ya sinia kabla hajaketi, kimya kimya. Ya tatu ni wageni wasiojuana kabisa. Sinia linawaleta karibu haraka mno, na kuna watu ambao ukaribu huo unawakata hamu.

Upande wa pili, kwa familia ambazo wanaume na wanawake hula mbalimbali, jamvi halina mashindano. Majamvi mawili, moja barazani na moja uani, na hakuna anayejiona ametengwa. Jaribu kufanya hivyo kwa meza moja uone.

Meza ndefu yenye viti

Meza ndiyo watu wanayoiona kwenye picha wakaitamani, na inastahili, ila ina hesabu zake. Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigombane. Meza ya sentimita 180 kwa 90 inakalisha sita vizuri, wanane kwa kubanana. Wageni 12 maana yake ni meza mbili zilizounganishwa, na hapo ujihadhari: meza za plastiki za kukodi hazilingani kimo. Kitambaa kinaficha ngazi iliyopo katikati, bilauri ya mtu inaigundua. Wapange watu wasikae pale penye kiungo, au weka hapo pambo.

Kitambaa cha meza usiende kununua. Doti moja ya kanga inatosha. Kila kipande kina kama sentimita 150 kwa 110. Vilaze vyote viwili kwa kukingama, upande mrefu ukikata upana wa meza, na meza yako ya 180 kwa 90 imefunikwa, huku kitambaa kikining'inia kama sentimita 30 ubavuni na pungufu kidogo ya 20 mwisho wa meza. Ifue kwanza. Kanga mpya inatoa rangi, na bilauri moja ya maji ikimwagika juu yake utaona mkono wa kanzu ya mgeni umepata ua. Halafu soma jina lake kabla hujalitandika, kwa sababu ukivigeuza vipande kinyume, jina linaangukia kwenye vichwa viwili vya meza, mbele kabisa ya watu wa heshima. Umemkaribisha mama mkwe kwa mara ya kwanza, kaketishwa mwanzo wa meza, na magotini kwake pameandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Hutaamini utakavyokanusha. Kanga ina wasemaji wake na wasikilizaji wake, na akina mama wa pwani hawasomi kanga kwa bahati mbaya. Kitenge hakisemi kitu. Kama hujiamini, tandika kitenge.

Kwa pambo la kati, chaguo langu ni jani la mgomba. Likatwe alasiri ile ile, ubabue upande wa chini juu ya moto mdogo mpaka libadilike rangi na kulainika, la sivyo linachanika kwa upepo. Lilaze katikati ya meza kwa urefu, kisha juu yake panga matunda: ndimu, embe dodo, nanasi dogo na majani yake, na kishada cha shokishoki kama Unguja wamezileta. Matunda yana uzito kwa hiyo kaskazi haliyapeperushi, hayanyauki, na baada ya chakula pambo lenyewe linakatwa na kuliwa. Maua ya duka yanayofungwa kwenye povu la kijani ni fedha iliyotupwa kwa joto hili. Bogenvilia inapendeza lakini inasinyaa upesi ikikaa nje ya maji. Kata vijitawi vifupi uviache vielee kwenye bakuli pana la maji. Maua yoyote yasipite kidevu cha aliyeketi, watu wanataka kuonana.

Kuna jambo moja ambalo picha hazikwambii. Upana wa sentimita 90 ukitoa sahani mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na sentimita 27, unabaki na 36, na humo zimo bilauri. Nafasi halisi ya katikati ni kama 25 tu. Ama unapamba, ama unaweka mabakuli ya chakula, vyote viwili havikai. Wanaolazimisha wanaishia kuhamisha maua sakafuni mara wali unapofika. Njia inayofanya kazi ni kuweka meza ndogo au stuli mbili karibu na kiti chako, hotipoti zikae hapo, nawe upakue ukiwa umeketi na sahani zizunguke kwa mikono. Bila hiyo meza ya pembeni, mwenyeji wa meza ndefu ndiye mtumwa wa usiku. Utainuka kwa chumvi, utainuka kwa barafu, utainuka kwa kijiko kilichoanguka.

Mishumaa ni mizuri na haikai. Upepo wa uani unaizima kabla ya saa 2, na ukiziba upepo umeziba sababu ya kukaa nje. Chukua chupa pana za jemu, tia mchanga wa vidole viwili, simika mshumaa ndani ushuke chini ya mdomo wa chupa. Chemli zinafanya kazi hiyo kwa heshima zaidi. Karabai ina mwanga wa kutosha kuchuna samaki lakini inavuma na kutoa joto, iache itundikwe mbali. Taa za balbu ziwe za njano, maana mwanga mweupe unaita wadudu zaidi. Pembe za kitambaa zibanwe kwa vibanio vya nguo upande wa ndani.

Meza inashinda wapi bila ubishi? Kwenye samaki. Changu mzima wa kupaka, mwenye rojo la nazi na ukwaju, anahitaji sahani yako mwenyewe, mahali pa kuweka miba na mwanga wa kuiona. Kumla kwenye sinia la watu wanne gizani ni kutafutana. Inashinda pia wazee wanapokuwa wengi, wageni wanapokuwa watu wa ofisini ambao hamjazoeana, na siku ile wakwe wanakuja kujuana, ambapo kila mmoja anataka kiti chenye mgongo na mpaka unaoeleweka kati yake na jirani.

Inashindwa kwa watoto, bilauri mbili zitavunjika. Inashindwa na mbu pia. Chini ya meza ni giza, hakuna upepo, na kuna miguu 24 isiyosogea. Mbu hawahitaji mwaliko. Dawa ya kuchoma ichomwe chini mapema, lakini kinachowaweza hasa ni feni ya kusimama iliyoshushwa ifikie usawa wa magoti. Mbu ni warukaji dhaifu, na upepo unatawanya pumzi na jasho wanavyovifuata. Kwenye jamvi feni hiyo hiyo inawapuliza watu wote mwili mzima.

Kila mtu ajipakulie

Hii sitaikalia sana. Ni njia ya watu wengi kuliko nafasi, na ya mji wenye foleni. Kama wageni wako wanatoka Mbagala, Kimara na Tegeta, na wengine wanatoka kazini saa 1, hakuna namna wote wataketi pamoja saa 2 na robo. Sinia lililokatwa upande mmoja halimpokei vizuri aliyechelewa. Hotipoti inampokea.

Meza ya kupakulia isogezwe mbali na ukuta ili watu wapite pande zote mbili, foleni inapungua nusu. Sahani mwanzo, kisha wali, kisha mboga na saladi, nyama mwisho, vijiko baada ya nyama. Kila aliyewahi kuandaa shughuli anajua sababu ya nyama kuwa mwisho, na wageni nao wanajua kwamba unajua. Vinywaji viwe kona nyingine kabisa. Soda na maji vitie kwenye deli lenye barafu na maji, si barafu peke yake, pamoja na konzi ya chumvi, vinapoa haraka zaidi. Ukwaju loweka jana yake. Juisi ya embe itengenezwe siku ile ile.

Kwa mapambo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu unapamba meza moja ambayo hakuna anayeketi. Hapo maua marefu yanaruhusiwa: matawi ya mnazi, birika kubwa ya shaba, chochote kinachoonekana tangu getini. Lakini pambo linabaki kule, na watu wako kwenye viti vya plastiki wameweka sahani mapajani, soda miguuni, wawili wawili. Kuna chakula kingi na mazungumzo machache. Mwenyeji ana uhuru wote, ila hana mahali pa kuketi na kila mtu, anazunguka kama msimamizi.

Na kuna hatari ya joto. Chakula kilichopikwa kikikaa nje kinahesabiwa saa mbili, na kama joto limepita nyuzi 32 ni saa moja. Mchuzi wa nazi ndio wa kwanza kuchacha. Wali nao una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Ukikaa vuguvugu muda mrefu vinaamka, na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Hotipoti nzuri inalinda chakula kikiingia kinachemka na mfuniko usipoachwa wazi. Kwa hiyo kama ni kujipakulia, pika vikavu: mishkaki, katlesi, kuku wa kuchoma, chapati, viazi karai vichache, na nazi iache kwa siku ya meza.

Yanayozigusa zote

Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki. Jiko la mkaa likae kusini-magharibi mwa watu, moshi uende zake. Nimeona shughuli nzuri ikiharibiwa na mshkaki mmoja uliochomwa upande usiofaa, wageni wote wakifuta macho kama wamefiwa.

Umeme ukikatika, jamvi halijali: pilau iko kwenye mkaa, taa ni chemli. Meza inapoteza feni na nusu ya mwanga. Kujipakulia kunapoteza friji na watu wanashindwa kuona wanachochota. Taa mbili za sola zilizochajiwa mchana ziwe tayari kwa namna yoyote.

Fedha: jamvi ni rahisi, kwa kuwa mikeka na masinia huazimwa kwa jirani bila aibu, na pilau ya kilo mbili haina mshindani. Meza inagharimu kukodi viti na meza. Kujipakulia kunameza fedha kimya kimya, maana kila mtu anataka aina sita na kila aina lazima itoshe wote.

Wasomaji walioko Maskati watakuwa wamenuna mpaka hapa, maana kwao msimu wa joto ndio msimu wa kujifungia na kiyoyozi. Mambo haya wayafanye Novemba mpaka Machi, karibu sawa na miezi yetu. Walioko London wana shida nyingine. Mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo chemli na asumini hazina kazi, chakula kinaliwa mchana kweupe kwenye bustani na baridi inaingia kabla ya chai. Hapo meza yenye kanga inaonekana vizuri kuliko jamvi, rangi zake zinahitaji jua. Shali za wageni ziwe kikapuni karibu.

Uchague ipi

Marafiki mliozoeana, umri chini ya hamsini, watoto wapo: jamvi, usifikiri mara mbili. Wakwe, au bosi wako na mkewe: meza, chakula kiwe samaki, na stuli yako ya kupakulia iwe ubavuni. Zaidi ya watu 14, au wageni wa kuja kwa vipindi: kujipakulia, na jamvi moja tupu pembeni kwa wanaotaka kukaa chini na sahani zao. Watakuwepo, na mara nyingi ndiko kicheko kitakakohamia.

Mseto wa wazee mezani na vijana jamvini wengi wanaupendekeza. Unafaa, kwa sharti kwamba meza na jamvi viwe hatua tatu tu kutoka kimoja hadi kingine na chakula kiwe kile kile. Nimewahi kukaa kwenye shughuli ambapo wazee walipewa sebule na feni, sisi uani na upepo. Kabla ya saa 3 babu mmoja alikuwa ameshabeba kiti chake mwenyewe kututafuta, na nyuma yake shangazi na sahani: "Kule mmetuweka kama mizigo." Ukigawa watu, mwenyeji aketi na wazee nusu ya kwanza, kahawa aje kunywa jamvini.

Kahawa chungu na tende, kwa njia zote tatu, ndiyo ishara kwamba hakuna anayefukuzwa. Vyombo usioshe wageni wakiwa bado wapo. Kwa jamvi vimeshakuwa masinia matatu na mabakuli kumi na mawili, vinasubiri. Kwa meza ni sahani, visosa, bilauri na vijiko vya watu 12, vyote visukumie beseni moja lenye maji ya sabuni chini ya bomba uvifunike. Wali uliobaki tu ndio usisubiri: utandaze kwenye trei upoe haraka, uingie friji kabla hujaketi kwa kahawa.